Dawa ya Kikwapa ya Kakese

Nilipangiwa kazi Kakese nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilifika juu ya lori la mahindi, nikiwa na godoro, sufuria mbili, cheti cha ualimu nilichokikunja mara nne, na magauni mawili ya tetroni ambayo mama alinishoneshea kwa fundi mmoja Sumbawanga. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, na tetroni ndiyo ilikuwa nguo ya mtu aliyesoma. Haikunjiki, haitaki pasi, ukiifua saa nne, saa sita unaivaa. Jambo moja tu hakuna aliyenieleza: tetroni haipumui. Unachokitoa mwilini inakihifadhi, inakipika, halafu inakirudisha kwa watu.

Siku yangu ilikuwa hivi. Asubuhi nilifundisha watoto wa darasa la pili. Mchana tulikwenda shamba la shule, na mwalimu naye anashika jembe. Saa kumi, kabla jasho halijakauka, nilisimama tena mbele ya ubao kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Maji yalitoka kisimani, mbali kidogo na shule, na sabuni ilitoka duka la kijiji ikitaka yenyewe. Mche mmoja ulikatwa vipande, mkagawana, na kipande chako ukakitunza kama dhahabu. Vitu vya kujipaka vyenye manukato tulivisikia tu kwa watu waliopanda treni ya Mpanda wakarudi.

Darasa langu la watu wazima lilikuwa na wanafunzi ishirini na kitu, wengi wanawake, karibu wote wakubwa kuliko mama yangu. Walinipenda nami niliwapenda. Lakini kuanzia mwezi wa pili niliona jambo la ajabu. Wale waliokuwa wakigombea madawati ya mbele walianza kurudi nyuma. Kila wiki dawati moja. Mwishowe mbele alibaki bibi mmoja tu, mke wa mrina asali, Mkonongo, mrefu, mwenye mwanya mpana na sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilidhani wenzake wameanza kuona vizuri kwa mbali.

Jioni moja darasa lilipotawanyika, yule bibi hakuondoka. Alikaa, mikono juu ya dawati, akasubiri mpaka wa mwisho akatoka.

"Mwalimu," akasema, "nina swali."

"Uliza, bibi."

"Kwenu, mtoto akitoa harufu, nani anamwambia?"

Nilifikiri ni habari za afya, somo tulilolifanya wiki ile. Nikamjibu kwa sauti ya darasani: "Mama yake."

"Sawasawa. Na mama yako wewe yuko wapi?"

"Yuko Sumbawanga."

"Ndiyo hivyo," akasema kwa upole. "Yuko mbali. Basi tumekaa kikao, wamenituma mimi."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, niliteremsha mikono nikaibana mbavuni, nikahisi uso unawaka hadi masikioni. Yeye akaendelea kana kwamba ananieleza bei ya mchele.

"Unatufundisha vizuri, mwalimu. Hilo kila mtu amelisema. Lakini ukiinua mkono kuandika juu ya ubao, herufi zinaondoka kichwani. Jana uliandika 'ka', mimi nikasahau mpaka 'ba'."

Akacheka. Mimi nikalia. Aliponiona nalia akanyamaza, akanishika bega, akasema kitu kwa Kikonongo ambacho sikukielewa, halafu kwa Kiswahili: "Si dhambi, mjukuu wangu. Ni jasho. Jumamosi njoo nyumbani, nikuoneshe." Ndani ya darasa siku zote aliniita mwalimu. Ile ilikuwa mara ya kwanza kuniita mjukuu.

Kama ningekuwa na akili ningesubiri Jumamosi. Lakini ilikuwa Jumanne, na mimi nilikuwa msomi. Nilijiambia: mtu mwenye cheti hashindwi na kwapa. Nikakumbuka kwamba chuoni wasichana walijipaka ndimu. Nikakumbuka pia kwamba mama alitumia magadi kuondoa harufu ya samaki kwenye chungu. Basi ikiwa ndimu inafaa na magadi yanafaa, vyote viwili vitafaa zaidi. Jumatano alfajiri nilinyoa kwa wembe mpya, nikakamua ndimu nzima, nikajipaka. Ikachoma. Nikasema ndiyo inafanya kazi. Halafu nikasaga magadi, nikayachovya kwa kitambaa kibichi, nikajipaka juu yake.

Yalichemka. Nasema kweli, nilisikia mwili wangu unatoa povu kama sufuria ya maharage. Nikavumilia mpaka nikahesabu ishirini, kisha nikakimbilia ndoo.

Siku ile nilifundisha nikiwa nimetanua mikono pembeni kama kuku aliyenyeshewa anayeanika mabawa. Watoto wa darasa la pili wakadhani ni mchezo, wakatanua na wao. Mwalimu mkuu akapita dirishani, akaona darasa zima limetanua mikono, akadhani ni mazoezi ya viungo, akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Jioni, mbele ya watu wazima, sikuweza kuinua mkono kabisa. Niliandika chini kabisa ya ubao, magoti yamekunjwa, na wa nyuma wakalalamika.

"Mwalimu, hatuoni!"

"Sogeeni mbele," nikawaambia.

Wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Yule bibi aliyeketi mbele alikuwa ananichungulia, na nilipojisahau nikanyoosha mkono nikaguna kwa maumivu, akajua. Baada ya kipindi akanisogeza nyuma ya darasa, akasema, "Fungua." Alipoona ule wekundu alitaka kunipa pole, nilimwona kabisa alivyotaka, lakini nilipomsimulia habari ya ndimu na magadi miguu ilimwishia nguvu. Alikaa chini ukutani akacheka mpaka akajifuta machozi na kanga.

"Ndimu na magadi," akasema alipopata pumzi, "hawalali kitanda kimoja. Hata mtoto anajua. Nani alikupa cheti?"

Alinipaka asali palepale, kutoka kibuyu kidogo alichotoka nacho shamba, akaniamuru nisiguse mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilikwenda. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa kijiji, karibu na miombo, na nyuma ya jiko mume wake alikuwa anachonga mzinga wa gogo. Mzee alinisalimu kwa heshima zote, hakuuliza nimefuata nini, akaendelea kuchonga. Baadaye nilijua kwamba alijua kila kitu, kama kijiji kizima kilivyojua, ila adabu ilimzuia.

Bibi alikuwa ametandaza vitu vyake juu ya ungo. Kulikuwa na pande la nta ya nyuki, ya rangi ya manjano iliyokolea, mabaki ya masega baada ya asali kukamuliwa. Alikuwa ameichemsha ndani ya maji, akaichuja kwa kipande cha gunia, ikaelea na kuganda juu kama kifuniko. Kulikuwa na mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, mbegu zile za madoadoa ambazo watoto wanachezea na kukatazwa kuzitia mdomoni. Alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyokuja juu. Kulikuwa na wanga wa muhogo mweupe, laini kuliko unga wowote niliowahi kuushika. Na pembeni, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, magadi.

"Hayo tena!" nikasema, nikarudi nyuma.

"Magadi hayana kosa," akajibu. "Kosa ni la aliyeyatia mengi. Chumvi nayo ukiimwaga utasema mboga mbaya."

Aliyasaga upya, akayachekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu mpaka yakawa kama vumbi, kisha akanionesha kipimo: kiasi kinachokaa juu ya ukucha wa kidole gumba, basi. Tukaweka nta na mafuta ndani ya kopo, kopo tukalisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa sababu nta, alisema, haipendi kuonana na moto uso kwa uso. Vilipoyeyuka akatumbukiza majani ya mchaichai, akayaacha kidogo, akayatoa. Tukaepua. Tukangoja mpaka yakaanza kuwa mazito kama uji wa mgonjwa, ndipo tukamimina wanga na magadi huku nakoroga kwa kijiti, yeye anasimamia.

"Usisimame! Ukisimama wanga unakaa chini, utapata mshumaa huku na udongo kule."

Tulimimina ndani ya kibuyu kidogo cha kutilia tumbaku ya kunusa ambacho mzee alikuwa amekistaafisha. Kilipopoa alichota kwa kidole kiasi cha punje ya haragwe, akakilainisha kwa joto la vidole, akanionesha namna ya kupaka. Uoge kwanza. Ujikaushe kabisa. Upake kidogo. Usipake siku uliyonyoa. Na nguo uiloweke ndani ya maji ya majivu, uigeuze ndani nje, jua liingie kwenye makwapa yake.

"Na hii," akasema, akivuta mkono wa gauni langu la tetroni, "uvae siku ya Jumapili asubuhi, misa ikiisha uvue. Shambani vaa pamba."

Jumatatu nilijipaka kwa mashaka. Nikafundisha watoto, nikalima, nikaingia darasa la jioni na gauni la pamba nililoazima kwa mke wa mwalimu mkuu. Niliinua mkono nikaandika juu kabisa ya ubao, herufi kubwa kubwa, polepole, kwa makusudi. Nikageuka. Wote walikuwa wananitazama kama watu wanaosubiri kura kuhesabiwa. Kisha mama mmoja, mnene, mcheshi, akainuka dawati la nyuma, akabeba daftari lake, akaja kukaa mbele. Akavuta hewa kwa pua, wazi wazi. Akageukia wenzake.

"Njooni," akasema. "Pamepoa."

Sijawahi kucheka hivyo mbele ya darasa. Walikuja wote, na vurugu ya madawati ikawa kubwa hata mwalimu mkuu akaja tena dirishani.

Sasa ikawa zamu yangu kulipa wema. Nilimuuliza bibi anataka nini. Alisema hataki kitu, ila ana neno moja kuhusu kile kitabu cha darasani. "Kila siku kinanifundisha kupanda pamba. Mimi silimi pamba. Nataka kuandika kitu changu." Alikuwa na binti aliyeolewa Mwamkulu, na kila alipotaka kumpelekea habari ilibidi atume mdomo wa mtu, na midomo ya watu, alisema, ina matundu. Alitaka kumwandikia barua. Nikamuuliza barua ya kusema nini. Akafikiri, akaangalia kibuyu changu mezani.

"Dawa," akasema. "Anayo hiyo shida toka msichana, kama wewe. Nilimfundisha lakini anasahau vipimo."

Tuliiandika majuma matatu. Alishika penseli kama anayeshika nyoka shingoni, na kila neno alilitamka kwa sauti kabla ya kuliandika, kwa hiyo watu waliokuwa wanapita njia walijifunza pia. Aliandika "halufu" na "mala moja". Nilianza kumsahihisha, halafu nikamwacha, kwa kuwa ndivyo alivyosema na binti yake angeisikia sauti yake. Ilipokamilika ilikuwa ukurasa mmoja, mistari inapanda mlima. Bado nakumbuka ilivyoanza: "Mwanangu mimi mama yako nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu. Dawa ya kwapa ni hii. Nta kama yai la kwale. Mafuta ya nyonyo vijiko vine. Wanga vijiko vitano. Magadi ya ukucha. Usizidishe utaungua kama mwalimu wetu."

"Bibi, hilo la mwisho lazima?"

"Lazima. Ndilo atakumbuka."

Barua ikaenda na mtu wa baiskeli. Tulichosahau wote wawili, mimi na cheti changu na yeye na hekima yake, ni kwamba binti hakujua kusoma. Aliyejua kusoma nyumba ile alikuwa mume wake. Na mume wake, alipoona barua imetoka kwa mkwe, akadhani ni jambo la msiba au la sherehe, akawaita ndugu zake na majirani wawili, akasimama barazani, akaisoma kwa sauti kubwa.

Habari hizo zilitufikia baada ya siku mbili, na bibi alishika kichwa. Kwa heshima yao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemi mambo ya mwili hata kwa mafumbo. Na yeye amemsomesha mkwe wake habari za makwapa mbele ya watu! Hakuja darasani jioni mbili. Nilikwenda kumwona, nikamkuta anapeta mchele uliokwisha kupetwa.

"Atamrudisha mwanangu," akasema. "Atasema tumemtukana."

Jumapili baada ya misa, nikiwa nyumbani kwao, tulisikia kengele ya baiskeli. Mkwe amekuja. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye suruali pana chini, kofia mkononi, na uso mgumu kama wa mtu anayekwenda barazani kushitaki. Bibi akakimbilia jikoni. Mzee hakuwepo, alikuwa porini kwenye mizinga. Basi nilibaki mimi, na kigoda kimoja.

Mkwe alikaa, akasalimu, akakohoa. Akageuza uso kuelekea barabarani, mgongo kwa mlango wa jiko.

"Mwalimu," akaanza, "sijui kama mama yupo karibu."

Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta wa matete ambao ungeweza kupitisha hata mnong'ono, bibi akasema: "Mwalimu, mwambie yupo."

"Yupo," nikasema.

"Mwambie barua yake imefika."

"Barua imefika," nikasema kuelekea jikoni.

"Mwambie nimesikia. Na asamehe. Nilikuwa namwandikia mwanangu."

Yule bwana akazungusha kofia magotini mara mbili, tatu. Jasho lilikuwa linamtiririka, maana alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Mwamkulu kwenye jua la saa sita. Akashusha sauti. "Mwalimu, muulize mama. Ile dawa. Je, kwa mwanamume nayo inafaa?"

Nikasikia jikoni kishindo cha mtu kukaa chini, na nikajua ni miguu yake tena.

"Mwambie," ikaja sauti, ikitetemeka kwa kicheko kilichobanwa, "inafaa. Ila mwanamume aongeze magadi, ukucha mmoja na nusu."

"Ukucha mmoja na nusu," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema mkwe, na uso wake ukafunguka. Akatoa karatasi mfukoni, ile ile barua, na penseli, akaandika. "Na ndugu zangu wanaomba kujua, nta ikikosekana?"

Tulikaa pale karibu saa nzima, yeye akiuliza barabara, bibi akijibu ukuta, mimi katikati nikipeleka na kurudisha maneno ambayo kila mmoja alikwisha kuyasikia. Aliondoka na kibuyu kimoja kilichojaa na pande la nta amelifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Binti alibaki kwa mumewe. Bibi alitoka jikoni amejifunika kanga mpaka machoni, na alipohakikisha baiskeli imepotea akaniuliza, "Alicheka?"

"Alicheka."

"Basi," akasema, akaanza kuimba huku anasonga ugali.

Nilikaa Kakese mwaka mwingine mzima. Darasa lile lilifanya mtihani wake, na bibi akafaulu, akaitundika karatasi ya matokeo juu ya kitanda. Kisha nikahamishiwa shule nyingine, mbali kidogo, upande wa Mpimbwe kwenye mpunga. Siku naondoka wanafunzi wangu wazima walinisindikiza mpaka lori lilipo, wakanipa mchele, kuku mmoja mwenye hasira, na nta ya kunitosha miaka miwili.

Huko nilipokuwa nilipata barua tatu kutoka kwake, zote zimeandikwa kwa mkono wake, mistari ikipanda mlima. Ya kwanza ilikuwa ya salamu. Ya pili ilisema mzee anaumwa mguu lakini bado anapanda miti. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. Alisema mwaka ule nyonyo zilikosekana, akajaribu kutumia mafuta mekundu ya mawese yaliyoletwa na wachuuzi wa Kigoma, akapaka yeye mwenyewe na wanawake watano wa kwaya siku ya sikukuu, wakiwa na blauzi nyeupe. "Tuliimba vizuri," aliandika. "Lakini tulipoinua mikono padri alifikili tumeumia. Mjukuu usijalibu."